Muhuri wa Babu Kwenye Kisigino cha Lusungu

Jumapili mchana, Mbalizi. Baridi ya mwezi wa sita, ile inayouma masikio.

Ukungu umeganda juu ya mabati tangu asubuhi na jua sioni dalili yake. Kanisani leo hatukwenda. Nimemwambia binti yangu Lusungu tumechoka na safari, na kuchoka tumechoka kweli, ila sababu yenyewe naijua mimi. Sikutaka kukaa kwenye benchi ibada nzima nyuma ya watoto wa watu nikiwatazama visigino.

Ndiko nilikofika. Natazama visigino.

Blogu hii niliifungua kwa ajili ya kuuza viatu vya mitumba vya watoto. Ukirudi nyuma sana utaona picha za raba na sandali, na mimi nikijisifia kwamba mtoto akitoka kwangu hapati malengelenge. Tangu Festo, mume wangu, afariki, viatu nimeviacha sokoni na huku naandika haya mengine. Wateja wachache walionifuata kwa ajili ya raba sijui wamebaki kwa ajili gani, lakini wamebaki.

Muuza viatu wa kweli hampimi mtoto kwa namba. Unamvalisha, unapitisha kidole nyuma ya kisigino, kikipita vizuri kiatu ni chake. Nimefanya hivyo miaka yote bila kufikiri. Siku hizi kidole kikiingia hakitoki. Nakuta nimemshika mtoto wa mtu kano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya mguu, nauminya nautafuta uvimbe, mpaka mama yake anauliza kama kiatu kinambana. Wiki iliyopita mama mmoja alimvuta mwanaye akaondoka bila kununua. Simlaumu. Hata mimi ningejikimbia.

Niandike tu kilichotokea huko Iringa, labda kikishuka hapa kitanipa nafasi ya kupumua.

Festo kwao ni Ipogolo, pale chini barabara kuu inapopita, kabla hujapanda mlima kuingia mjini. Ukoo wao wana jambo lao ambalo sijaliona kwa majirani zao wala kwetu Rungwe. Baadhi yao huota vifundo viwili nyuma ya miguu, juu kidogo ya kisigino, kimoja kila mguu. Vigumu, haviumi, ngozi yake ya kawaida tu. Wengine huota na kwenye vidole vya mikono. Babu yao mkubwa, aliyefungua shamba la familia, alikuwa navyo. Kwa hiyo mwenye navyo husemwa ana muhuri wa babu, na mwenye muhuri ndiye anayekalia kiti cha babu kwenye vikao, awe wa kiume au wa kike, na kuku akichinjwa firigisi ni yake.

Kila Krismasi mama mkwe wangu huwaosha wajukuu miguu kwenye beseni, mmoja mmoja, kwa maji ya moto. Akimaliza kuosha hupitisha kidole gumba nyuma ya mguu, taratibu, macho ameyafumba. Watoto husimama foleni wakisukumana. Mara nyingi hakuna kitu, kwa sababu muhuri huchelewa, wengi huwaota wakiwa wakubwa. Lakini akiupata hupiga vigelegele, na siku hiyo hakuna kazi inayofanyika.

Nilipoolewa niliona ni jambo zuri. Kwetu hakuna aliyewahi kunishangilia kwa sababu ya mguu wangu.

Na wenye muhuri hawakai sana. Hilo nalo walilijua, tena walilisema wazi, nikiwa bado bibi harusi. Babu huwaita mapema kwa sababu anawapenda. Mmoja aliitwa akiwa shambani. Mmoja aliitwa kwenye uwanja wa mpira, akiwa mshangiliaji tu, hata mpira hajaugusa. Festo wangu alikuwa anapiga randa mbao ya kitanda cha mteja, hapa hapa Mbalizi, akakaa kwenye kigogo akasema kifua kimebana, anapumzika kidogo. Hakuwa amefika arobaini. Msibani shangazi zake walinishika mikono wakaniambia nisilie sana, ameitwa.

Nililia hivyo hivyo. Lakini sitadanganya, neno lile lilinisaidia. Lilikuwa neno la kulalia.

Nilivipenda vile vifundo vya Festo. Baridi ya huku ikizidi nilikuwa nabandika nyayo zangu pale, yeye anapiga kelele kwamba nina miguu ya maiti. Namaanisha nilikuwa nakigusa kila siku kile kilichokuwa kinamuua, na nilikuwa nakipenda. Sijui mtu anaweka wapi jambo kama hili.

Sasa Lusungu. Yuko darasa la sita, mrefu, mwembamba, mkimbiaji. Mwezi wa nne alianza kulalamika kiatu cha shule kinamkwaruza nyuma. Nikamtafutia kingine, kikamkwaruza. Mimi muuza viatu, mwanangu anachechemea. Nikampakata mguu nikapitisha kidole, nikakikuta.

Moyo wangu ulifurahi kwanza. Naomba hilo lisomwe kama lilivyo. Nilifurahi kwa sababu niliona ni Festo amerudi kidogo. Nikampigia simu mama mkwe, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiondoa sikioni.

Hospitali nilimpeleka kwa ajili ya mkwaruzo tu, ngozi ilikuwa imechubuka na nikaogopa usaha. Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alisafisha kidonda, halafu kidole chake kikapita pale pale, kikasimama. Akaangalia mguu wa pili. Akaangalia mikono ya Lusungu, kisha macho yake. Akaniuliza baba wa mtoto yuko wapi.

Nikasema amefariki.

Akauliza alikuwa na umri gani, na kama alikufa ghafla. Akauliza babu. Akauliza ndugu wa babu. Mimi najibu, na kila ninavyojibu sauti yake inashuka. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu chipsi mayai, maana najua madaktari wanavyopenda kutusema, lakini hakuniuliza tunakula nini. Aliuliza nani amekufa. Mwisho akaweka kalamu mezani na akasema tutoe damu leo hii, mama, tusisubiri.

Majibu yalipotoka alinieleza polepole. Kuna mafuta kwenye damu yanaitwa kolestroli. Kila mtu anayo, na ini ndilo lenye kazi ya kuyazoa yakizidi. Ini la Lusungu limezaliwa haliwezi kuyazoa vizuri. Si kosa la chakula, si unene, amerithi kwa baba yake kama alivyorithi paji la uso. Yale yasiyozolewa yanajibandika. Yakijibandika kwenye kano za miguu unapata vifundo, na vifundo havina shida. Shida ni kwamba yanajibandika pia kwenye mishipa ya moyo, kimyakimya, tangu mtoto akiwa mdogo, na huko hakuna wa kupitisha kidole.

Akasema kwa umri wake ni mapema sana kuona vifundo, na hilo halimfurahishi. Lakini dawa ipo. Kidonge kila siku, apunguze mafuta, aendelee kukimbia, arudi kupimwa. Akianza sasa hivi anaweza kuishi kama watu wengine.

Halafu akasema lile nililolibeba mpaka Iringa. Kila mtoto ambaye baba au mama yake ana hali hii anaweza kuipata au kuikosa, kama kurusha shilingi. Watoto wa ukoo ule wapimwe damu, wote, hata wasio na uvimbe. Hasa wasio na uvimbe, akasema, kwa sababu hakuna anayewawazia.

Nilitoka pale nikiwa nimeshika bahasha na mkono wa mtoto. Kwenye ngazi za hospitali nikasikia kichwani vigelegele vya mama mkwe. Mpaka leo navisikia, na sivisikii tena kama furaha.

Basi, wiki hii tulikuwa na shughuli ya kujengea kaburi la Festo. Ukoo wote ulikuja Ipogolo. Ijumaa saruji ikamwagwa, mwinjilisti akaomba, watu wakala. Kilichokuwa kimebaki ni jambo lao. Lusungu aketishwe kwenye kiti cha babu, aoshwe miguu mbele ya watu, atangazwe mrithi wa baba yake. Walimshonea gauni jeupe. Kiti kilikuwa kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa.

Nilitaka kumwambia mama mkwe peke yake, mapema, jikoni. Sikuweza. Kila nikimsogelea ananishika shavu, ananiita mwanangu, ananionyesha kuku aliowatenga. Nikasema nitamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikaona beseni linatolewa nje, moshi unapanda, na watoto wamekwisha kujipanga nyuma ya Lusungu kama kila Krismasi.

Nikasimama. Nikasema naomba Mama asimwoshe kwanza, nina neno.

Nilieleza kama daktari alivyonieleza, ila vibaya zaidi. Nilisema ini, nilisema mishipa ya moyo, nilisema Festo. Wazee waliinamisha vichwa. Aliyejibu ni shemeji yangu Zakaria, mdogo wake Festo, fundi pancha pale barabarani. Ana mikono ya chuma na muhuri miguu yote miwili. Ndiye pekee wa rika lao mwenye muhuri aliyebaki.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini hapo unatukosea. Baba yetu hakuwa mgonjwa. Alilima mpaka siku anaitwa. Na hayo mafuta si ni ya mabosi wenye vitambi huko mjini? Huyu Lusungu mwenyewe kama ufito, mafuta anayatoa wapi?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa kushukuru, kama mtu amewafungulia dirisha.

"Kwenu, shemeji," nikamwambia. "Anayatoa kwenu."

Hakuna aliyecheka tena. Nilijua nimesema kwa ukali mno juu ya kaburi ambalo saruji yake haijakauka. Sijutii. Najuta kwamba Lusungu alikuwa amekaa pale na gauni jeupe, miguu haina viatu, akisikia.

Zakaria akaanza kusema kuhusu watu wa Mbeya na mambo yao, na mashangazi wakaanza kunong'ona, na mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti mbele ya beseni, kitambaa mkononi. Ndipo Neema, binti wa Zakaria, mtoto wa miaka sita, alipoona wakubwa wamesahau. Akatoka kwenye foleni akatumbukiza mguu mmoja kwenye maji.

"Bibi, niangalie na mimi," akasema. "Wangu unaota."

Akageuza mguu. Nyuma ya kisigino ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, mahali pengine pana damu iliyokauka. Mama yake akamuuliza umefanya nini. Mtoto akasema anajisugua na jiwe kila akioga. Wanajisugua wote, akasema, na wenzake kwenye foleni wakatazama chini. Wanataka uote haraka.

Upepo ulikuwa unapiga turubai, na malori yanapita kule barabarani kama kawaida.

Mama mkwe alishika ule mguu mdogo. Hakufumba macho safari hii. Alipitisha kidole gumba juu ya kile kidonda, polepole sana ili asimuumize, akapitisha tena, akapitisha mara ya tatu.

"Hamna kitu," akasema. "Hamna kitu hapa. Asante Yesu."

Nadhani ni mara ya kwanza tangu ukoo ule uanze mtu kushukuru kwa kisigino kitupu. Neema akaanza kulia kwa kuvunjika moyo. Zakaria akashusha pumzi, nikaiona ikitoka, mabega yote mawili yakashuka nayo. Kwa hiyo alikuwa ameniamini. Alikuwa ameniamini tangu nilipoanza kusema.

Na mimi ndiye niliyepaswa kuwanyang'anya hata hiyo pumzi.

"Mama," nikasema, "kidole hakitoshi. Daktari anasema wengi wanakuwa nayo hawajaota chochote. Neema anaweza kuwa nayo. Ni damu tu inayosema."

Mama mkwe akanitazama. Ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona amekosa la kufanya na mikono yake. Alikausha mguu wa Neema, akamsogeza kwa mama yake, akabaki amepiga magoti.

"Wote walioitwa?" akaniuliza. "Wote ni hiyo?"

Nikamwambia sijui, Mama. Nikamwambia nadhani.

Akaanza kuwataja. Hakuwataja kama mtu anayeomboleza, alikuwa anawataja kama mtu anayekumbuka alipoweka vitu. Mumewe. Shemeji yake wa uwanja wa mpira. Binti yake wa kwanza, ambaye mimi sikumkuta. Kila jina anasema muhuri ulimwota lini, na alikuwa anasimama kidogo kabla ya jina linalofuata. Alipofika kwa Festo alisimama zaidi.

"Festo ulimwota ana miaka kumi na minne," akasema. "Nilichinja kuku."

Halafu akaingiza mikono yake chini ya kitenge alichojifunga, akaikunja huko. Hakulia. Watu walianza kuinuka mmoja mmoja, mtu akamshika Lusungu mkono wakaingia ndani, na kile kiti kikabaki nje na mafuta yake. Mpaka tunaondoka Jumamosi sikumwona mama mkwe akimgusa mtoto yeyote. Wadogo walimfuata kama kawaida, wakimwegemea, naye anawaachia waegemee, lakini mikono yake haitoki.

Hilo ndilo linalonifuata. Si kaburi. Ile mikono.

Nataka kumwandikia kwamba hakuwadhuru. Kidole chake hakikuweka kitu, kilikuta tu. Tena kama kuna mtu duniani aliyekuwa karibu kuugundua ugonjwa huu kwetu ni yeye, miaka yote, kwa maji ya moto na kidole gumba, isipokuwa hakuna aliyewahi kumwambia akiukuta afanye nini zaidi ya kushangilia. Nimeanza ujumbe mara kadhaa kwenye simu. Naufuta. Kila nikiusoma unasikika kama namsamehe, na mimi ni nani wa kumsamehe, mimi niliyefurahi nilipokikuta kwa mwanangu.

Zakaria alipotea jioni ile ya Ijumaa, nikadhani ameenda kwenye pombe ya ulanzi. Alirudi jua linazama, hana harufu ya kitu, akaja nilipokuwa nafua gauni la Lusungu. Alisimama kama aliyetumwa.

"Wanatoa damu kiasi gani?" akauliza. "Kwa mtoto wa miaka sita."

Nikamwonyesha kwa kidole. Kichupa kidogo.

"Analia?"

Nikamwambia Lusungu hakulia, lakini ni mkubwa. Neema atalia kidogo, atanyamaza. Akaitikia kwa kichwa. Akasema atampeleka Jumatatu, hospitali ya hapo mjini, na watoto wa dada zake atawachukua wote wakikubali mama zao, atakodi bajaji mbili.

"Na wewe, shemeji?"

"Tutaona."

"Hakuna kuona," sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni. Sikujua alikuwa anatusikia. "Utakwenda, Zakaria. Wewe wa kwanza."

Zakaria alichukua ndoo yangu akaenda kumwaga maji machafu, akaniletea mengine masafi, akaondoka. Nilitazama miguu yake ikienda. Alikuwa amevaa kandambili, na visigino vyake vilikuwa wazi, na vile vifundo vilikuwa vinapanda na kushuka kila anapokanyaga. Festo alikuwa anatembea hivyo hivyo.

Kesho ni Jumatatu. Atakwenda au hatakwenda. Asubuhi hii alinitumia ujumbe mmoja, anauliza kama watoto wanatakiwa wasile. Nikamjibu daktari wetu alisema hata wakila si neno, lakini aulize huko huko. Akajibu sawa. Kuhusu yeye mwenyewe hakusema, nami sikuuliza, kwa sababu mwanaume ukimsukuma mlangoni anakaa chini.

Ndani ya basi jana Lusungu alitazama nje tangu Ipogolo mpaka tumepita Mafinga. Halafu akaniuliza kama bado ni mrithi wa baba. Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana anameza dawa. Alifikiri kidogo, akaegemeza kichwa dirishani akalala. Nilitaka nimwangalie akiwa amelala kama zamani, nikashindwa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake badala ya kumwangalia.

Nimekuwa mama wa aina hiyo. Akipanda ngazi namsikiliza. Akicheka sana namwambia apunguze. Daktari alisema nimwache akimbie, kukimbia ni kuzuri kwake, na mimi nasimama uwanjani kwenye mbio za shule naona watu wawili wanakimbia, yeye na baba yake, na najua ni yupi nilishamwona akikaa kwenye kigogo. Sitaki kumlea mwanangu kama maiti anayesubiri. Sijui bado namna nyingine, ila nitajifunza, hata kama ni kwa kujiuma ulimi.

Kisa cha leo chenyewe ni kidogo.

Tumekunywa chai sasa hivi, na viazi vya kuchemsha. Nimempa kidonge chake. Amekishika kwenye kiganja, amekitazama, ameuliza atakimeza mpaka lini.

"Mpaka uzeeke," nimemwambia.

Akatafuna kiazi. Akauliza, bila huzuni yoyote, kama anavyouliza mambo ya shule:

"Mwenye muhuri akizeeka anakuwaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikawatafuta wote ninaowajua, kwa majina, kwenye picha za ukutani kwa mama mkwe, kwenye misiba, kwenye harusi yangu. Nikamtafuta mmoja tu mwenye mvi.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Hatujawahi kumwona."

Akakimeza kidonge na chai yake, akasema chai imepoa, akatoka nje kucheza kamba na watoto wa jirani. Namsikia hapa nilipokaa. Kamba inapiga chini, wanahesabu, wanagombana nani ameguswa.

Namtaka huyo mzee. Sitaki kitu kingine kwa Mungu mwaka huu. Nataka siku moja awepo bibi kizee wa ukoo ule, mwenye vifundo nyuma ya miguu na mvi kichwani, mgomvi, anayelalamikia magoti na kuwachosha wajukuu kwa maneno. Mimi sitakuwepo kumwona. Basi, nisiwepo.